Omeleti Niliyonyimwa na Shangazi

Mbele ya geti la shule yetu kuna mama anayekaangia watu wa pikipiki mayai. Kila asubuhi nikifika, kitunguu chake kimeshaanza kulia ndani ya mafuta, na wenzangu wa darasa wanameza mate. Mimi nafura. Ni hasira ya zamani, iko ndani yangu tangu nikiwa na miaka tisa, na harufu hiyo inaiamsha jinsi mtu anavyomwamsha mbwa kwa teke. Rafiki zangu wa kikundi cha sala wananiambia nimsamehe Shangazi, eti kusamehe kunapunguza uzito wa moyo. Moyo wangu hauna shida ya uzito. Kusamehe nitasamehe, sina haraka. Kwanza niwaeleze alichonifanyia na nilichomfanyia, halafu ninyi wenyewe mtasema kama nilizidisha. Mimi nadhani nilibakiza.

Kwetu Jumamosi ilikuwa siku yangu. Mama alitoka mapema kwenda sokoni kupanga nyanya na vitunguu vyake, na Papa, ambaye ni fundi wa kushona, siku hiyo hakugusa cherehani kabla ya kula. Jikoni niliachiwa mimi. Papa ndiye aliyenifundisha, kwa sababu maishani mwake alijua kupika vitu viwili tu, chai na omeleti, na alitaka mmoja wetu aurithi huo ufalme. Unawasha mbabula, lile jiko letu la makaa, nje, karibu na ukuta ili upepo usikusumbue, unaipepea na kifuniko cha sufuria mpaka makala yawe mekundu bila moshi. Unakata kitunguu, nyanya, na majani mabichi ya kitunguu. Unapiga mayai kwa uma mpaka mkono uchoke, halafu unapiga tena, kwa maana Papa alisema yai linamtambua mvivu. Siri yenyewe ilikuwa kwenye kifuniko. Sisi hatukugeuza omeleti, kwa sababu ukigeuza inavunjika na unabaki na matapishi ya mtoto. Ulichukua makala matatu, manne, ukayaweka juu ya kifuniko, moto chini na moto juu, ukahesabu polepole mpaka mia. Ukifunua, imevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

Nilikata vipande vinne kwa kisu cha Papa. Chake, cha Mama kilichomsubiri chini ya sahani, cha mdogo wangu Espoir, na changu. Nilikula changu nimekaa kwenye kiti, miguu haifiki chini, na Papa alikuwa akiniuliza kwa heshima kabisa, "Sasa, Mama mupishi, leo chumvi inasema nini?" Mtoto wa miaka tisa akiulizwa hivyo anakuwa mtu mzima mpaka saa sita ya mchana.

Kisha Shangazi akaja. Ni dada mkubwa wa Papa, anatoka upande wa Irumu, na ulikuwa ule wakati ambapo kila nyumba ya mji wetu wa Bunia ilipokea ndugu zake waliokimbia vita na hakuna aliyeuliza watakaa muda gani. Alikuja na godoro moja, redio isiyosema, na binti yake wa mwisho, Yaya Furaha, maana kwetu dada mkubwa anaitwa Yaya, msichana wa miaka kama ishirini, mpole, mwenye kucheka chini chini. Tulifurahi. Niwe mkweli, mimi ndiye niliyebeba redio.

Jumamosi ya kwanza nilipika mayai manane badala ya matano, kwa ajili ya wageni. Niligawa, nikakaa, nikainua uma. Mkono wa Shangazi ukatokea pembeni na kunishika kifundo cha mkono.

"Huyu mutoto anafanya nini na ile kintu?"

"Anakula, Yaya," Papa akasema.

"Mutoto mwanamuke hakulake mayai. Nani alimupatia ruhusa?" Hakungoja jibu. "Akikula mayai atakuwa mwizi. Na atakuwa tasa. Weye unataka kuzeeka bila bajukuu?"

Papa alikohoa. Lazima muelewe kikohozi hicho. Shangazi alimbeba Papa mgongoni, alimlimia shamba ili asome, na alipokosa viatu vya kwenda shule, yeye ndiye aliyeuza kuku wake akamnunulia. Mbele ya dada yake, baba yangu mwenye ndevu alikuwa bado yuko mgongoni.

"Na weye, Shangazi?" nikauliza. "Weye si mwanamuke?"

"Miye nimeshazaa saba. Yai itaniharibia nini sasa?"

Akachukua kipande changu kwa vidole, akakila chote, akafuta mafuta mdomoni kwa nyuma ya mkono. Espoir, aliyekuwa na miaka sita na bila haya, akanyoosha sahani yake aone kama kuna kilichobaki.

Jioni nilimfuata Mama. Akaniambia tuvumilie, Shangazi amepoteza mengi, huwezi kugombana na mtu aliyepoteza nyumba kwa ajili ya yai. Ilikuwa kweli. Lakini sikuelewa kwa nini nyumba yake ililipwa na kifungua kinywa changu peke yangu.

Basi kuanzia hapo nilipika na sikula. Jumamosi baada ya Jumamosi. Na jambo baya zaidi ni kwamba nilimwamini. Mtoto anamwamini mtu mkubwa hata akiwa anamchukia. Nilikaa chini na maharagwe, moja kwa kila yai, nikajaribu kuhesabu mayai yote niliyokuwa nimeshakula tangu Papa anifundishe. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi, yai moja ni mtoto mmoja. Maharagwe yalijaa kikombe. Nikaelewa kwamba watoto wangu wote, pamoja na wajukuu, walikuwa wameshapita na kwenda chooni. Nililia kidogo kwa ajili yao. Niliwapa hata majina wale wa mwanzo.

Upande wa wizi ndio uliniletea aibu. Niliangalia mikono yangu kila asubuhi, nikingoja ianze. Niliilalia usiku isije ikatoka bila mimi. Siku moja darasani Biki nyekundu ya mwalimu, kalamu yake ya kusahihishia, ikapotea. Akasimama mbele, akauliza mara moja, akauliza mara ya pili, na mimi nikahisi vidole vyangu vinawasha. Nikainuka.

"Mwalimu, labda ni miye."

"Labda namna gani? Umechukua ao haujachukua?"

"Sijui, Mwalimu. Lakini nimekulaka mayai mingi."

Biki ilikuwa nyuma ya sikio la mwalimu mwenyewe. Mtoto wa benchi la mbele ndiye aliyemwonyesha. Sitawaelezea kicheko cha lile darasa, mnajua wenyewe darasa la watoto hamsini na watano likipata kitu. Mpaka mwisho wa mwaka ule jina langu lilikuwa Mayai. Nikiinuka kujibu swali, mtu mmoja nyuma anatoa sauti ya kuku anayetaga. Nikijibu vizuri, wanatoa wawili.

Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa mguu, vumbi jekundu mpaka magotini, na nilipofika nilimkuta Shangazi amekaa mlangoni, miguu imenyooka, anachokonoa meno. Nikamwangalia. Nikasema moyoni, weye utaniona.

Nilianza na maganda. Nilimtengea upande wake wa omeleti na kuuwekea maganda ya yai yaliyopondwa, kidogo lakini ya kutosha. Alitafuna, krach, krach, akasimama kidogo, akaendelea. "Omeleti ya leo iko na mufupa," akamwambia Papa. "Inatia nguvu." Wiki iliyofuata nikamwekea pilipili, ile ndogo yenye hasira. Jasho likamtoka puani, macho yakawa mekundu, na nilikuwa tayari kufurahi aliposema, "Sasa njo umeanza kujua kupika." Kuanzia hapo alitaka pilipili kila Jumamosi, na mimi ndiye niliyekuwa nikilia nikiikata. Kulipiza kisasi kwa mtu mwenye hamu ya kula ni kazi ya bure.

Kisha nikagundua habari ya Yaya Furaha. Kazi yake baada ya chakula ilikuwa kuosha vyombo nyuma ya nyumba. Siku moja nilimpelekea majivu ya kusugulia, nikamkuta amechuchumaa, kikaango kimefunika nusu ya uso wake. Alikuwa anakwangua mabaki kwa kidole na kulamba. Aliponiona akabaki na kidole mdomoni.

"Usinichongee kwa Mama."

"Weye unakulaka mayai?"

"Tangu zamani. Kule kwetu nilikuwa nanyonya mabichi, kwenye kiota. Mama anafikiri ilikuwa kicheche. Alitegaka mitego mwaka muzima."

Nilifikiri sana. Kwa hiyo huyu alikula mayai, na alikuwa ameyaiba. Nusu ya mafundisho ya Shangazi ilikuwa imethibitishwa mbele ya macho yangu. Nikamwambia hivyo. Yaya Furaha alicheka mpaka kikaango kikamponyoka, akanivuta karibu, akaniambia polepole kwamba aliiba kwa sababu alikatazwa, hakuna sababu nyingine, na kuhusu kuzaa nimwachie yeye, atanipa jibu akiolewa. Akanikatia ukoko mmoja. Nilikula. Ulikuwa mtamu na nilikasirika zaidi. Sikutaka kulamba kikaango nimechuchumaa nyuma ya nyumba kama paka. Nilitaka kipande changu, kwenye sahani, nimekaa kwenye kiti, mchana, Shangazi ananiona. Nilichotaka ni hicho tu, na sikukipunguza hata siku moja.

Yaya Furaha alikuwa na mchumba, kijana mmoja mtulivu wa Tchomia, kando ya ziwa, na ikafika siku ya mama wa kijana huyo kuja kutuona. Haikuwa siku ya mahari, ilikuwa hodi ya kwanza, ya chai, watu kuangaliana tu. Kuku walikuwa bado wana muda wa kuishi. Lakini chai lazima iwe na kitu, na Shangazi akaamua iwe omeleti. Mayai kumi na mawili. Akanishika sikio, taratibu, kama mtu anayechagua kitenge.

"Weye utapika. Furaha ataleta. Wakiuliza, ni Furaha njo alipika. Ukifungua mudomo, hili sikio nitabaki nalo."

Kwa hiyo kipande alikuwa ameshachukua, sasa alitaka na jina.

Ningeweza kuiharibu. Nilikaa mbele ya mbabula na kopo la chumvi mkononi, nikafikiria kulimwaga lote. Lakini aibu ingempata Yaya Furaha, na Yaya Furaha hakunikosea. Pia, niseme ukweli, mikono yangu ilikataa. Nilipika omeleti nzuri kuliko zote za maisha yangu. Ilivimba mpaka ikainua kifuniko na makala yake.

Mama wa Tchomia alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka ufukweni mpaka kwenye mtumbwi. Aliuza samaki wa chumvi. Alikuja na kaka yake, mzee asiyesema, na kijana mwenyewe, aliyekaa akiangalia viatu vyake. Kama ilivyo desturi, mtoto wa kike wa nyumbani ndiye anayewamwagia wageni maji ya mikono, kwa hiyo nilipita na jagi na beseni, kisha nikasimama kando ya mlango na taulo begani. Yaya Furaha akaleta sahani. Mama wa Tchomia akakata, akatia mdomoni, akafumba macho.

"Eeh. Hii ni nani alipika?"

"Ni Furaha," Shangazi akasema. "Na mikono yake mbili."

"Imepikwa vizuri. Chumvi iko sawasawa."

Shangazi angeishia hapo, angeshinda. Lakini mtu akisifiwa anataka kuongeza. Akajiweka vizuri kwenye kiti na kusema, "Na huyu Furaha, tangu nimuzae, hajaweka yai mu kinywa. Hata siku moja. Nimemulea sawa vile siye tulilelewa."

Mama wa Tchomia akaacha kutafuna.

"Hajakula hata siku moja?"

"Hata moja."

"Sasa chumvi aliionja namna gani?"

Kuku alipita uani, tukamsikia wote.

"Miye nauzishaka samaki ya chumvi," Mama wa Tchomia akaendelea, bila ukali, kama mtu anayepima kitu. "Najua chumvi. Hii si ya kubahatisha, mutu alionja. Kama Furaha alipika na hakuonja, ni uchawi. Kama alionja, basi anakulaka mayai na anakuficha weye mama yake. Ao hakupika yeye. Mwanangu nitamupatia gani kati ya hao?"

Yaya Furaha alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linaonekana shingoni. Kijana aliacha viatu vyake na kumwangalia. Papa alianza kukohoa na safari hii hakumaliza. Shangazi akageuza macho chumba kizima akitafuta mlango, na mlangoni nilikuwa nimesimama mimi.

"Ni huyu mudogo njo alionja," akasema. "Furaha alipika, huyu akaonja."

Wote wakanigeukia.

"Ni kweli, mama mudogo?" Mama wa Tchomia akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoona Mungu ananipenda. Nikisema hapana, Shangazi ameumbuka na Yaya Furaha amezama pamoja naye. Nikisema ndiyo, wote wameokoka na mimi narudi kwenye makala yangu. Shangazi alinikazia macho, mkono wake ukagusa sikio lake mwenyewe ili nikumbuke. Nilikumbuka. Nilikumbuka na darasa, na sauti za kuku, na kikombe cha maharagwe.

"Nimesahau, Mama," nikasema kwa adabu yote niliyofundishwa. "Labda nikionja tena nitakumbuka."

Yule mzee asiyesema akatoa sauti puani. Mama wa Tchomia hakucheka, lakini mashavu yake yalikuwa yanajizuia. "Ana haki," akasema. "Mumupatie aonje."

Sahani kubwa ilikuwa mbele ya wageni, na huwezi kumpunguzia mgeni. Kipande pekee kilichokuwa huru kilikuwa cha Shangazi, hakijaguswa, na pilipili yake pembeni. Alikiangalia. Aliniangalia. Kisha, mbele ya watu wote, dada mkubwa wa baba yangu akainua sahani yake kwa mikono miwili na kunipa.

"Kula, mwanangu," akasema, na lile neno mwanangu lilimtoka kama jino.

"Asante, Shangazi. Nikae wapi?"

Papa akainuka na kunipa kiti chake.

Nilikula polepole sana. Nilikata vipande vidogo, nikavipuliza ingawa vilikuwa vimepoa, nikatafuna kila kimoja upande huu na upande ule. Nilipofika katikati nikaomba mkate. Nikapewa mkate. Nilipomaliza nikafuta mdomo kwa nyuma ya mkono, nikaweka uma chini.

"Sasa nimekumbuka, Mama. Ni miye nilionja. Na chumvi, ni miye niliweka. Na kitunguu ni miye nilikata, na mayai ni miye nilipiga."

"Na Furaha?"

Nikafungua mdomo, lakini Yaya Furaha akanitangulia. Aliinua kichwa na kusema, kwa sauti ndogo lakini hakuna aliyeikosa, "Miye nilipepea moto, Mama. Na nalambaka kikaango. Kila Jumamosi."

Mama wa Tchomia alicheka hapo, kicheko cha ufukweni, cha kuitana. Alimwambia kaka yake kwamba hilo ndilo jibu la kweli la kwanza alilosikia tangu avue viatu, na kwamba kupika msichana atafundishwa, yeye mwenyewe atamfundisha. Walirudi mwezi uliofuata na kuku wakaisha. Yaya Furaha yuko Tchomia mpaka leo, ana watoto watatu wanene, na jibu la lile swali langu nimelipata mara tatu.

Lakini sijamaliza na Shangazi. Jumamosi iliyofuata alisema kichwa kinamuuma, akabaki kitandani. Nilipika, nikagawa, nikala changu kwenye kiti, kisha Papa akanituma nimpelekee dada yake sehemu yake. Alikuwa amelala akiangalia mabati. Hakuchukua sahani. Nikakaa pembeni ya kitanda nikiishika.

"Miye nilikula yai ya kwanza nikiwa nimeshazaa wa saba," akasema, kwa mabati zaidi kuliko kwangu. "Siku ile nililia. Nilifikiri ni kintu ya ajabu sana, kumbe ni yai tu."

"Nani alikukataza?"

"Shangazi yangu."

"Yuko wapi?"

"Alikufaka zamani."

"Na haukumulipiza?"

Akageuza kichwa kuniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba macho yake yanafanana na ya Papa.

"Sikumulipiza," akasema. "Sikujua namna ya kuanza."

"Pole, Shangazi," nikamwambia, na nilimaanisha, nilimhurumia kweli kweli. Kisha nikachukua uma, nikala kipande chake chote pale pale pembeni ya kitanda, polepole, ili aone vizuri namna inavyofanywa.